SOMO: Sahani ya bufe kule Peru. Nani anakula, na nani anapata?



Katika somo hili tunatoka kidogo katika milima yetu ya Kivu, tunaenda mbali, mpaka nchi ya Peru, Amerika ya Kusini. Hatuendi kule juu ya kutembea tu. Tunaenda kutazama meza moja ya chakula, ile ambayo watalii wanawekewa, na kujiuliza maswali matatu. Chakula hiki kimetoka wapi? Nani alikilima? Na yule aliyelima, amepata nini?

Maswali haya yanatuhusu. Wakati wa utulivu, watu wanakuja kwetu kuona masokwe wa Virunga na wa Kahuzi-Biega. Hata bila watalii, Goma, Bukavu na miji mingine iko na hoteli, vyumba vya semina na majiko ya mashirika ambayo kila siku yanalisha watu. Koperative nyingi zinatuuliza: "Namna gani tunaweza kuuzia hoteli?" Walimaji wa Peru wameishi na swali hilo miaka mingi. Kuna mambo waliyofaulu, kuna mengine yaliyowaumiza. Tujifunze kwa yote mawili.

1. Bufe ni nini, na iko wapi?

Bufe ni namna ya kula ambapo vyakula vyote vinapangwa kwenye meza ndefu. Mgeni analipa bei moja, anachukua sahani, anapita na kujipakulia mwenyewe. Anaweza kurudi mara mbili, mara tatu.

Kule Peru bufe za watalii ni nyingi sana katika bonde la Urubamba, karibu na mji wa Cusco. Wageni wanafika huko juu ya kuona Machu Picchu, mji wa mawe uliojengwa na watu wa Inka. Basi la watalii linasimama saa sita, watu wanashuka arobaini au hamsini mara moja, na wako na saa moja tu ya kula. Ndiyo maana mwenye hoteli anapenda bufe: chakula kimeiva tayari, hakuna kungojea. Katika safari yetu kule tulikula hivyo mara kadhaa, na kila mara tulitazama meza kwa macho ya mulimaji.

Jambo moja kwa msafiri. Mji wa Cusco uko kwenye urefu wa metre karibu 3,400 juu ya bahari. Mtu anayetoka chini anaumwa kichwa, anakosa pumzi, tumbo linachafuka. Wenyeji wanauita ugonjwa huo soroche. Wanakushauri siku ya kwanza ule kidogo, unywe chai ya majani ya koka, upumzike. Lakini mgeni akiona bufe anajaza sahani mpaka inamwagika, halafu usiku analia tumbo. Chakula kingi kinabaki kwenye sahani na kutupwa. Kwa sisi tunaojua jasho la jembe, kuona hivyo si vizuri.

2. Vyakula vilivyopangwa mezani

Hebu tupite pamoja kwenye ile meza.

Mwanzoni kuna vyakula baridi. Kuna ceviche: samaki mbichi aliyekatwa vipande, akatiwa maji ya ndimu, kitunguu, chumvi na pilipili. Pembeni wanaweka kiazi kitamu kilichochemshwa na mahindi ya mbegu kubwa. Mwaka 2023 UNESCO iliandika ceviche katika orodha ya urithi wa utamaduni wa dunia. Kuna causa: viazi vya njano vilivyopondwa, vikatiwa ndimu na pilipili, vikapangwa tabaka kwa tabaka na kuku au samaki katikati. Kuna papa a la huancaína: viazi vilivyochemshwa, vikamwagiwa mchuzi wa jibini na pilipili ya njano.

Kisha vyakula vya moto. Ají de gallina ni nyama ya kuku iliyochambuliwa kama nyuzi, ndani ya mchuzi mzito wa maziwa, mkate na pilipili. Lomo saltado ni nyama ya ngombe iliyokaangwa haraka na kitunguu, tomati na mchuzi wa soya. Wahamiaji kutoka China ndio walioleta namna hiyo ya kukaanga. Inaliwa na wali pamoja na viazi vya kukaanga, vyote viwili kwenye sahani moja! Kuna nyama ya alpaka, mnyama wa manyoya wa milimani. Kuna supu ya kinoa.

Kuna pia anticucho: moyo wa ngombe uliokatwa vipande, ukatiwa siki na pilipili, ukachomwa kwenye vijiti kama mishikaki. Chakula hiki kinatukumbusha jambo zito. Wakati wa Wahispania, Waafrika wengi walipelekwa Peru kama watumwa, na wengine wao walitoka upande wa Kongo na Angola. Utumwa uliondolewa kule mwaka 1854. Inasimuliwa kwamba mabwana walichukua nyama nzuri, watumwa wakaachiwa moyo na matumbo, nao wakavipika kwa ufundi mpaka leo nchi nzima inavipenda. Basi mkono wa babu zetu uko kwenye ile meza.

Na mara nyingine, mwisho wa meza, kuna kobayi, yule tunayemwita dende au simbiliki. Wenyeji wa kule wanamwita cuy. Wamemfuga miaka elfu nyingi, jikoni karibu na moto, sawasawa na wamama wengi wa Kivu. Ndani ya kanisa kuu la Cusco kuna picha ya Karamu ya Mwisho ya Bwana Yesu, iliyochorwa na Marcos Zapata katika karne ya 18. Katikati ya meza, kwenye sahani, wenyeji wanakuonyesha mnyama wao: cuy!

3. "Viazi vya kizungu" si vya wazungu

Sasa tuje kwenye viazi. Sisi tunaviita viazi vya kizungu juu wazungu ndio waliotuletea. Lakini wazungu nao walivipata kwa wengine. Walimaji wa milima ya Andes, upande wa ziwa Titicaca kati ya Peru na Bolivia, ndio waliochukua kiazi cha mwitu, kidogo na kichungu, wakakichagua mwaka kwa mwaka mpaka kikawa chakula. Walianza kazi hiyo miaka karibu 8,000 iliyopita. Wahispania walikibeba kwenda Ulaya katika karne ya 16 tu.

Leo Peru iko na aina zaidi ya 3,000 za viazi. Vingine ni vyeusi ndani, vingine vyekundu, vya njano, vya zambarau. Vingine ni virefu kama kidole, vingine vina mafundo mengi. Mjini Lima kuna kituo cha kimataifa cha viazi, CIP, kilichoanzishwa mwaka 1971, ambacho kinatunza aina zaidi ya 4,000. Hata kiazi cha Cruza, ambacho walimaji wengi wa Kivu wanakijua, kilipitia mikono ya CIP.

Kwa nini kutunza aina nyingi namna hiyo? Jibu liko Ireland. Kule watu masikini walitegemea viazi peke yake, na karibu vyote vilikuwa vya aina moja. Mwaka 1845 ugonjwa wa milidiu, ule unaochoma majani yetu wakati wa mvua nyingi, ukaingia. Mashamba yalioza. Watu karibu milioni moja walikufa katika miaka ya njaa iliyofuata. Mulimaji wa Andes anapanda aina nyingi kwenye shamba moja. Ugonjwa ukiua hii, ile itabaki. Baridi ikichoma ile, hii itabaki. Wazee wetu walifanya vilevile walipochanganya maharagi. Hawakuwa wajinga.

4. Ndugu wengine wa vyakula vyetu

Ukitazama vizuri sahani ya Peru, utaona sahani ya Kongo.

Muhogo ulitoka Amerika ya Kusini. Wareno waliuleta pwani ya Kongo katika karne ya 16. Kule Peru wanakula mizizi yake, wanaiita yuca. Lakini bugali wa muhogo na sombe ni kazi ya mikono yetu. Karanga na viazi vitamu pia vilitoka Amerika. Maharagi ya mbegu kubwa tunayopanda hapa Kivu, mengi ni ya ukoo wa milima ya Andes.

Lengalenga nayo iko na ndugu kule, kiwicha. Sisi tunakula majani. Wao wanavuna mbegu ndogo, wanazikaanga mpaka zinapasuka, wanatengeneza uji na peremende za watoto. Kinoa pia ni mbegu ndogo. Inaoshwa mara nyingi kwanza juu ya kuondoa povu chungu lililo kwenye ganda. Tarwi ni jamii ya maharagi, yenye protini nyingi kuliko maharagi yetu, lakini ni chungu na ina sumu. Wanaichemsha, kisha wanailoweka kwenye maji yanayotembea siku kadhaa. Sisi tunalielewa jambo hilo, si ndiyo? Ni sawa na muhogo mchungu: ukifupisha siku za kuloweka, unaleta ugonjwa nyumbani.

Jambo lingine ni chuño. Mwezi wa sita na wa saba, usiku wa milimani ni baridi sana, maji yanaganda. Walimaji wanatandaza viazi vidogo chini usiku. Asubuhi jua likitoka, wanavikanyaga kwa miguu maji yatoke. Wanarudia siku kadhaa mpaka vikauke na kuwa vyepesi kama mbao. Chuño inakaa ghalani miaka mingi bila kuoza. Sisi hatuna baridi ya namna hiyo, lakini somo liko wazi: wao hawauzi mavuno yote siku ya kuvuna, wakati bei iko chini. Kile kinachooza wanakigeuza kuwa kile kinachokaa. Kosete za muhogo zilizokauka vizuri, maharagi yaliyofungwa katika mifuko isiyopitisha hewa, hiyo ndiyo chuño yetu.

5. Kile ambacho meza haionyeshi

Sasa tufike kwenye moyo wa somo.

Mgeni anaona kibao kinachosema "chakula cha wenyeji". Anafurahi. Anafikiri kwamba pesa yake imefika kwa mulimaji wa mlima ule anaouona kwenye dirisha. Mara nyingi si hivyo.

Kwanza, viazi vya kukaanga vinavyojaza sinia mara nyingi ni vya aina chache za biashara, vikubwa, laini, vinavyofanana. Mwenye hoteli anavinunua kwa mfanyabiashara mkubwa wa mjini. Vile viazi vya rangi za ajabu vinawekwa vichache pembeni, kama mapambo ya kupigia picha. Mpishi alitueleza bila kuficha: kiazi chenye mafundo kinachukua muda mrefu kumenya, na watu arobaini wanashuka kwenye basi sasa hivi.

Pili, bei. Pale pale karibu, katika soko la San Pedro mjini Cusco au kwenye vimgahawa vidogo, kuna chakula wanachokiita menú: supu, sahani moja ya chakula kizito na kinywaji. Kinalipwa sehemu ndogo tu ya bei ya bufe. Mama anayepika pale alinunua mboga asubuhi ile kwa mama mwingine aliyeshuka na mzigo mgongoni. Mgeni anayekula pale analipa kidogo, lakini pesa yake inapita mikono michache kabla ya kufika shambani.

Tatu, ladha. Juu ya watalii, pilipili inapunguzwa, cuy anakatwa vipande ili asionyeshe kichwa na meno, chumvi inapungua. Chakula kinapoteza nguvu yake. Mgeni anarudi kwao akisema amekula Peru, kumbe amekula kivuli cha Peru.

Hatusemi kwamba bufe ni mbaya. Inatoa kazi kwa wapishi, wahudumu, madereva. Na mwenye hoteli naye ana shida zake: anahitaji kilo kamili, siku kamili, kila juma, na karatasi ya fakture. Mulimaji mmoja mwenye shamba dogo hawezi kumpa hivyo. Hapo ndipo koperative inaingia.

6. Namna walimaji wa kule walivyojitafutia nafasi

Tuchukue mifano mitatu.

Mfano wa kwanza: Parque de la Papa. Juu ya mji wa Pisac, karibu na Cusco, jamii sita za wenyeji ziliunganisha ardhi yao miaka ya 2000, zikaanzisha hifadhi ya viazi. Mwaka 2004 walipatana na CIP, nacho kikawarudishia aina za viazi zilizokuwa zimepotea mashambani mwao, zikiwa zimesafishwa magonjwa. Wageni wanapanda kwao kuona mashamba, na kikundi cha wamama kinawapikia viazi vya pale pale. Sehemu ya mapato inaingia katika mfuko wa pamoja. Hapo mulimaji hakungoja hoteli imwite. Alimleta mgeni shambani.

Mfano wa pili: mpango wa Papa Andina. Ulifanya kazi miaka ya 1998 hadi 2011 huko Peru, Bolivia na Ecuador. Uliwakalisha pamoja walimaji, wanunuzi, wapishi na watafiti. Kila mmoja akasema anachohitaji. Hapo viazi vya asili, ambavyo watu wa mji walividharau wakisema ni chakula cha masikini, vikaanza kuuzwa katika maduka makubwa ya Lima. Vikachaguliwa, vikaoshwa, vikafungwa katika mifuko midogo yenye jina. Vingine vikakaangwa kuwa chipsi za rangi. Kiazi kilikuwa kilekile. Kilichobadilika ni kuchagua, kusafisha, kufunga na kueleza.

Mfano wa tatu: wapishi wenyewe. Wapishi wenye jina kubwa, kama Gastón Acurio, walianza kusema hadharani kwamba hakuna chakula kizuri bila mulimaji. Kutoka mwaka 2008 Lima ilifanya sikukuu kubwa ya vyakula, iliyoitwa Mistura, na humo walimaji walipewa meza zao za kuuza na kujulikana. Peru ilichagua tarehe 30 mwezi wa tano kuwa siku ya kiazi, na baadaye Umoja wa Mataifa ukaifanya siku ya dunia nzima. Heshima haijazi tumbo, lakini inasaidia bei.

7. Onyo la kinoa

Tusiimbe sifa tu. Kinoa ilikuwa chakula cha wenyeji wa milimani. Watu wa Ulaya na Marekani wakaanza kuitaka. Mwaka 2013 Umoja wa Mataifa uliuita mwaka wa kinoa. Bei ikapanda sana mpaka 2014. Walimaji wengi wakaacha mazao mengine. Wakati uleule mashamba makubwa ya pwani ya Peru nayo yakapanda kinoa, kwa mbolea nyingi na dawa. Mwaka 2015 soko likajaa, bei ikaanguka vibaya. Wale waliokuwa wamepanda kinoa peke yake waliumia zaidi. Wale waliobaki na viazi, maharagi mapana na wanyama, walipunguza mapato lakini walikula.

Ndugu, tumeyaona haya hapa kwetu na mazao mengine. Soko la nje ni kama mvua ya radi: linakuja kwa kelele, linaondoka bila kuaga. Usilime kile unachouza peke yake. Kwanza chakula cha nyumba.

8. Usafi: pigo la mwaka 1991

Mwezi wa kwanza mwaka 1991 kolera iliingia Peru. Mwaka ule peke yake watu zaidi ya 300,000 waliugua, na karibu 3,000 walikufa. Maji machafu ndiyo yaliyokuwa chanzo kikubwa, na watu wakaogopa pia samaki mbichi. Biashara ya samaki ikaanguka, watalii wakapungua. Mvuvi ambaye hakuwa na kosa akakosa mkate.

Sisi tunaishi karibu na maziwa, tunaijua kolera. Koperative inayotaka kuuzia hoteli ijue: mgonjwa mmoja anaweza kufunga mlango kwa wanachama wote. Mboga za kuliwa mbichi zisioshwe kwa maji ya mto au ya ziwa ambayo hayakutiwa dawa. Mbolea ya choo isiwekwe kwenye saladi. Anayepanga mazao anawe mikono kwa sabuni. Na kwenye bufe yenyewe, ukiwa msafiri, kumbuka: cha moto kiwe moto wa kutoa mvuke, cha baridi kiwe baridi kweli. Chakula cha vuguvugu kilichokaa saa nyingi, kiache hata kikinukia.

9. Tufanye hesabu

Bei hizi ni za kujifunzia tu, si bei ya soko la leo. Mwandike katika kalamu, mubadilishe kwa bei zenu.

Hoteli inaomba kilo 100 za viazi kila juma, majuma manne: kilo 400. Inalipa franka 1,200 kwa kilo. Lakini inataka vikubwa tu. Ili kupata kilo 400 nzuri, lazima tukusanye kilo 500. Kilo 100 ndogo tunauza sokoni kwa franka 500.

Hoteli: 400 × 1,200 = 480,000
Vidogo: 100 × 500 = 50,000
Jumla: 530,000
Safari 4 za gari: 4 × 15,000 = 60,000
Mifuko na kazi ya kuchagua: 20,000
Kinachobaki: 530,000 − 80,000 = 450,000

Tungeuza zote shambani kwa franka 800: 500 × 800 = 400,000.

Faida ya kuuzia hoteli ni franka 50,000. Vizuri! Lakini hoteli inalipa baada ya siku 30. Wanachama wanataka pesa siku ya kuleta viazi, basi koperative inakopa 400,000 kwa faida ya asilimia 10 kwa mwezi. Hiyo ni 40,000. Faida inabaki 10,000. Na kama mara moja tu hoteli inakataa mzigo wa kilo 100, tukauuze mjini kwa franka 700, tunapoteza 50,000. Sasa tumeingia hasara ya 40,000.

Mnaona? Bei ya juu peke yake haitoshi. Siku ya malipo na sharti la kukataa mzigo ndivyo vinavyoamua nani anapata.

10. Kabla ya kukubali komande ya hoteli

Kwanza, mwandikiane karatasi: kilo ngapi, ukubwa gani, bei gani, siku gani ya kulipa, na nani anabeba hasara kama mzigo umerudishwa.

Pili, mwombe nusu ya malipo siku ya kuleta. Msipopata, jengeni mfuko wenu wenyewe, kwa mfano kupitia AVEC, ili msikope kwa riba kubwa.

Tatu, msiahidi zaidi ya nguvu zenu. Afadhali kilo 40 kila juma bila kukosa kuliko kilo 100 mara moja.

Nne, msiuzie mnunuzi mmoja tu. Barabara ikifungwa au vita vikianza, hoteli inafunga siku moja. Soko la kijiji linabaki.

Tano, mtafute mpishi, si mwenye hoteli peke yake. Mumpelekee aonje: bugali laini wa muhogo mweupe, sombe iliyotwangwa vizuri, maharagi ya rangi tatu, sambaza wa ziwa Kivu. Bufe nyingi za miji yetu zimejaa mchele na kuku wa barafu kutoka nje, na chakula chetu kinawekwa pembeni kama vile kinaona haya. Watu wa Lima nao walikuwa hivyo na viazi vyao. Walibadilika walipoonyeshwa.

Sita, mlinde mbegu. Hoteli ikitaka aina moja, mlime hiyo kwenye sehemu ya shamba, si shamba lote. Kila mwanachama abaki na aina nyingine mbili au tatu.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Kwetu kuna aina ngapi za viazi, maharagi na muhogo? Wazee wataje majina. Ni zipi zimepotea, na nani bado anaweza kuwa na mbegu yake?

2. Ni chakula gani chetu ambacho watu wa mji wanakidharau, lakini kikisafishwa na kufungwa vizuri wangekinunua?

3. Fanyeni tena hesabu ya sehemu ya 9 kwa bei za soko lenu. Hoteli ikilipa siku ileile, mnapata ngapi? Ikilipa baada ya siku 60, mnapata ngapi?

4. Katika koperative yetu, nani anachagua mazao, nani anabeba, nani anapokea pesa? Wamama wanaofanya kazi ya kuchagua, wanalipwa?

5. Bei ya zao letu kubwa ikianguka mwaka kesho kama ilivyoanguka kinoa, nyumba zetu zitakula nini?

Kazi ya nyumbani: kabla ya mkutano ujao, watu wawili wa kila kikundi waende kwenye hoteli au mgahawa mmoja ulio karibu, wazungumze na mpishi kwa heshima, waulize vitu vitatu tu: ananunua nini kila juma, kwa bei gani, na kitu gani kinamkasirisha kwa wale wanaomletea. Waandike majibu, wayalete kwenye mkutano, na kikundi kiyalinganishe na hesabu ya sehemu ya 9.